Mulembe Isiyo ya Mdomoni

Mjini Kakamega mtu huulizwa habari ya amani yake kabla hajaulizwa jina. "Mulembe," anasema mama muuza mboga sokoni, na mteja anaitikia "mulembe" huku macho yake yakiwa kwenye fungu la mrenda. Neno hilo ndilo amani kwa Kiluhya, na ndilo salamu pia. Limezoeleka hata Waluhya wote wakabandikwa jina la watu wa Mulembe, na kituo cha redio kikaitwa hivyo. Shida ni kwamba itikio lenyewe limekuwa kama chafya, linatoka bila mtu kulifikiria. Baba aliyekesha akihesabu madeni huitikia mulembe. Mama ambaye kifua kimembana tangu Jumatatu huitikia mulembe muno.

Kanisani mambo huwa magumu zaidi. Huko salamu ni "Bwana asifiwe", na baada ya "Amina" hakuna nafasi ya kusema kwamba mtu hajalala siku tano. Muumini mwenye wasiwasi hujifunza mapema kujificha, maana akifungua kinywa ataambiwa imani yake haba, aongeze maombi, asiogope. Anaongeza maombi. Moyo unazidi kudunda. Sasa amebeba mizigo miwili: karo ya mtoto, na dhana kwamba Mungu amemkasirikia kwa kuiwazia karo hiyo.

Muumini huyo anastahili ushauri bora kuliko huo, na upo ndani ya imani yake mwenyewe. Ukristo una dawa za zamani za wasiwasi, nyingine zikiwa zimetoka jangwani, nyingine zimejaribiwa hapahapa magharibi mwa Kenya baada ya damu kumwagika. Ukizitazama kwa makini, hakuna hata moja inayomkemea mgonjwa. Kila moja humpa kitu cha kufanya: kula, kulala, kupumua, kulia, kuandika, kukaa na mtu.

Sababu za kukosa usingizi hazikosekani. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi ndicho kilicholipa karo, mahari na mabati ya nyumba nyingi za eneo hili. Kilipolemewa na madeni, benki iliyokuwa ikikidai ikamweka msimamizi wake mwaka 2019, na mkulima aliyekuwa akisubiri malipo akabaki na karatasi ya mizani mkononi. Haukupita mwaka korona ikaingia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 301 duniani waliishi na maradhi ya wasiwasi mwaka 2019. Pia limesema mwaka wa kwanza wa janga la korona uliongeza maradhi hayo, pamoja na sonona, kwa asilimia 25. Kwa hiyo anayekodolea dari macho saa tisa za usiku kule Malava au Butere yuko katika kundi kubwa, ingawa saa hiyo kila mtu hujiona peke yake.

Wasiwasi ni kengele ya mwili. Mtu akikaribia kumkanyaga nyoka kwenye kijia cha shamba la miwa, ubongo huipiga kengele hiyo kabla hata hajajua anaogopa nini. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, damu inakimbilia misuli ya miguu, tumbo linaacha kwanza kazi ya kusaga chakula. Nyoka akiondoka, kengele inanyamaza. Lakini karo haina mahali pa kwenda, wala deni la SACCO halitambai likaingia majanini, basi kengele inaendelea kulia hata mchana kweupe. Moyo unaodunda hivyo haupokei amri, hata iwe ya askofu.

Ndiyo maana "usiogope" likitamkwa kwa sauti ya polisi halimsaidii mtu. Ndani ya Biblia agizo hilo mara nyingi huja na mwenzake: mara baada yake msikilizaji huambiwa kwamba anayesema naye yupo, au anakuja, au haendi popote. Hiyo ni sauti ya mzazi aliyemshika mtoto mkono gizani. Wahubiri wengi hubeba nusu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kuna kisa kimoja ambacho kingefaa kusomwa kwa mtu mwenye wasiwasi kuliko vingine vyote, nacho ni cha nabii Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya alikuwa ametoka kushinda kwa kishindo juu ya mlima Karmeli. Malkia Yezebeli akamtumia ujumbe wa kutishia kumuua, na shujaa wa jana akatimua mbio hadi Beer-sheba. Huko akamwacha mtumishi wake, akaenda mwendo wa siku nzima jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika alipofika hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, na sababu aliyopewa ni kwamba safari ilikuwa imemzidi. Hapo ndipo alipopata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu. Mazungumzo na Mungu yalikuja baada ya milo miwili na usingizi wa mara mbili.

Yeyote aliyewahi kumuuguza mtu mwenye mawazo mengi ataitambua ratiba hiyo. Chakula kwanza. Kwa mtu wa Kakamega maana yake ni sahani ya obusuma, yaani ugali, na mboga kwa saa ileile kila siku, hata kama ni matonge matatu tu, badala ya kushinda na vikombe vinne vya turungi. Chai kali huchochea moyo uleule ambao mtu anataka utulie. Chang'aa na busaa ni mtego mbaya zaidi: pombe humlaza mtu, kisha humwamsha saa nane za usiku na kumrudishia mawazo yote pamoja na riba.

Usingizi nao una kanuni zake. Kuamka wakati uleule kila asubuhi husaidia kuliko kujilazimisha kulala mapema. Ikiwa mtu amelala macho kwa muda wa kama dakika 20, ni afadhali ainuke, aketi kwenye kiti, asome zaburi fupi kwa sauti ya chini au asikilize tu mvua ya mabati, kisha arudi kitandani macho yakianza kuwa mazito. Simu ibaki chumba kingine. Anayesema anatumia Biblia iliyo ndani ya simu anajua vizuri huishia kusoma nini.

Hapa kuna jambo litakalowaudhi baadhi ya wachungaji. Kesha ni ibada tamu, na wako waliopata faraja kubwa humo. Lakini mtu ambaye kwa wiki nzima amelala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku hahitaji kesha. Anahitaji kulala, na akilala hajamkosea Mungu. Hata Yesu alilala ndani ya mashua iliyokuwa ikiingia maji, tena Marko anakumbuka hata mto aliolalia kichwa. Kufunga nako ni hivyohivyo. Mwili uliodhoofika hutetemeka, jasho likatoka, moyo ukadunda, na mwenye wasiwasi hudhani ni hofu imemrudia kumbe ni njaa. Tangu Aprili 2023, ulipofukuliwa msitu wa Shakahola kule Kilifi na kupatikana miili zaidi ya 400, Mkenya hana tena kisingizio cha kutojua mahali mfungo usio na kipimo unakoweza kumfikisha mtu.

Pumzi ndiyo sehemu ya mwili inayokubali kuongozwa upesi kuliko zote. Mtu hawezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, ila anaweza kuishusha pumzi, na moyo huifuata. Wakristo waliligundua jambo hili bila vipimo. Watawa wa jangwa la Misri, Waafrika wa karne ya nne, walizoea kurudia sala fupi sana siku nzima, mikono ikisuka mikeka na vikapu. Wakatoliki wana rozari, na kule Mukumu, ambako wamisionari wa Mill Hill walifika mwaka 1906, shanga hizo zimepita mikononi mwa vizazi kadhaa. Mwaka 2001 daktari Mwitaliano Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya kuwapima watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini. Waliposali, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20, na mapigo ya moyo yakaingia katika mwendo mzuri zaidi. Kundi la watu 23 ni dogo, na aliyesali rozari mbiombio ili awahi matatu hatapata faida hiyo. Siri iko kwenye mwendo.

Asiye Mkatoliki hahitaji shanga. Maneno mawili yanatosha: anavuta pumzi polepole akisema moyoni Nyasaye, yaani Mungu, anaitoa polepole zaidi akisema mulembe. Dakika tano asubuhi, tano kabla ya kulala, na moja pale kwenye foleni ya benki magoti yakianza kulegea. Afanye mazoezi hayo siku za utulivu pia, la sivyo siku ya dhoruba mwili hautayakumbuka.

Kandokando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, pale Ilesi, limesimama jiwe refu lenye jiwe jingine juu yake mithili ya kichwa, na maji huteremka usoni pake kama machozi. Watalii huliita jiwe linalolia. Wenyeji hupita hapo kila siku, wengi wao wakiwa wamefundishwa kwamba kulia mbele za Mungu ni upungufu wa imani. Sijui nani aliwafundisha, maana kitabu cha Zaburi hakimo katika mafundisho hayo. Zaburi za maombolezo ni nyingi, karibu theluthi ya zaburi zote 150, na waandishi wake wanalalamika waziwazi: Mungu amechelewa, amegeuza uso, maadui wanacheka, mifupa imekauka. Nyingi hugeuka mwishoni na kuwa sifa. Ile ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na walioikusanya Biblia hawakuifuta.

Basi mtu aombe hivyo. Badala ya kuanza na shukrani asizokuwa nazo siku hiyo, amweleze Mungu jambo linalomtisha kwa jina lake: si "mambo yangu", bali shilingi 14,000 za muhula wa pili na barua ya mwalimu mkuu iliyo chini ya godoro. Hofu isiyo na jina hutanda nyumba nzima. Ikishatajwa hubaki na ukubwa wake. Paulo aliyewaandikia Wafilipi wasisumbuke na lolote aliandika akiwa kifungoni, na katika ushauri wake haja zinatakiwa zijulishwe kwa Mungu, yaani zisemwe.

Kusema kunakwenda vizuri pamoja na kuandika. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Mmarekani Thomas Borkovec na wenzake walieleza njia ambayo washauri nasaha wanaitumia hadi leo: mwenye wasiwasi hutengewa nusu saa maalumu kila siku ya kuwaza. Wazo likija saa nyingine halifukuzwi, huambiwa tu lisubiri zamu yake. Muumini anaweza kuifanya nusu saa hiyo kuwa wakati wa maombi. Achukue daftari la kawaida la shule, saa kumi na moja jioni, mbali na kitanda, na agawe ukurasa kwa mstari katikati. Upande mmoja aandike yale anayoweza kuyatia mkono: kwenda kwa mhasibu wa shule kuomba kulipa kidogokidogo, kumpigia mjomba simu, kuuza mbuzi mmoja. Upande wa pili aandike yasiyo mikononi mwake: bei ya sukari, mvua, moyo wa mjomba. Upande wa kwanza ni kazi ya kesho, na kila jambo liwekewe siku yake. Upande wa pili ndio wa kumwachia Mungu, kwa sauti, moja baada ya jingine. Watu wengi huomba kinyume: humwachia Mungu safari ya kwa mhasibu, wao wakabaki kuihangaikia bei ya sukari.

Kuna ushauri wa Yesu ambao watu huusikia kama ushairi tu. Katika Mathayo sura ya sita aliwaambia watu wenye hofu ya chakula na mavazi wawatazame ndege. Kutazama ni kazi ya macho, na macho yakitoka nje mawazo hupata pengo la kupumzika. Msitu wa Kakamega, kipande cha mashariki cha misitu ile iliyotandaa hadi Kongo, una aina zaidi ya 300 za ndege. Anayepanda kilima cha Lirhanda alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, atawasikia kabla ya kuwaona. Si lazima kufika huko. Wapo wale wanaosuka viota kwenye mianzi karibu na choo cha nyumba yoyote ile, wenye kelele na wasio na akiba. Dakika kumi bila simu, akimfuata ndege mmoja tu kwa macho hadi aruke, ni utii wa moja kwa moja wa agizo hilo. Nasikia kuna wanaocheka wakiambiwa hivyo. Wajaribu kwanza.

Mpaka hapa mtu anaweza kuyafanya yote akiwa peke yake, na huo ndio udhaifu wa dawa hizo. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Wasiwasi una tabia hiyo, humtenga mtu na wenzake kisha humsimulia kwamba ametengwa.

Mfano bora wa tiba ya pamoja uko katika historia ya karibu ya kaunti hii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na maeneo ya kaskazini, Lugari na jirani yake Turbo, yalishuhudia nyumba zikichomwa na majirani wakikimbiana. Januari 2008, moshi ukiwa haujaisha, viongozi wa Kanisa la Marafiki, wale wanaojulikana duniani kama Quaker, walikutana mjini Kakamega kujiuliza kanisa la amani linafanya nini amani ikitoweka. Kutokana na juhudi za wakati huo likazaliwa kundi la kuleta amani la makanisa ya Marafiki. Aliyekuwa bega kwa bega nalo ni David Zarembka, Mmarekani wa kanisa hilo aliyeishi Lumakanda na mkewe Mkenya hadi wote wawili walipofariki kwa korona mwaka 2021.

Pamoja na misaada ya chakula, Marafiki walileta mafunzo yaliyoanzia Rwanda na Burundi, ya kuponya majeraha ya moyo. Watu kama 20 hukaa siku tatu, nusu kutoka upande huu wa uhasama na nusu kutoka ule. Siku ya kwanza hufundishwa tu jinsi kiwewe kinavyoukaa mwili: kushtuka mlango ukibamizwa, kusahau, hasira za ghafla, ndoto. Kwa mtu aliyedhani amerogwa au anaanza kuwa wazimu, somo hilo peke yake ni nusu ya dawa. Siku ya pili ni ya kuhesabu waliopotea na kuwalilia. Siku ya tatu mmoja hufungwa kitambaa machoni, na mwingine, labda wa kabila lile lililochoma nyumba yake, humshika mkono na kumtembeza uwanjani kati ya mawe na mizizi. Kisha hubadilishana. Mwishoni huchorwa miti miwili, mmoja wa kutoaminiana na mwingine wa kuaminiana, washiriki wakitaja mizizi na matunda ya kila mti. Hakuna anayeambiwa asiogope. Anaongozwa na mkono wa mtu hadi mwili wenyewe uone kwamba haukuanguka.

Kanisa lolote la kijijini linaweza kuazima roho ya kazi hiyo bila bajeti. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Marafiki, Waanglikana na Wapentekoste wana vikundi vyao vya akina mama na vijana. Kule Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza yeyote aliye na kile ambacho Washona huita kufikiri kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyanya hao hawana shahada. Wana muda, na wamefundishwa kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja kati ya yote na kulitafutia hatua moja. Kila kanisa Kakamega lina kukhu, yaani nyanya, wa namna hiyo kwenye viti vya mbele, na pengine hajawahi kupewa kazi nyingine zaidi ya kupokea wageni.

Anayesikiliza ana miiko michache. Asikatize kwa kusimulia makubwa yaliyompata yeye. Asitafute dhambi iliyofichika. Akimaliza, asiyapeleke aliyoyasikia kwenye maombi ya hadhara: ile "tumwombee dada fulani, mnajua mumewe…" ni umbea uliovaa kanzu, na umewafunga vinywa watu wengi kuliko shetani.

Kuhusu kelele na kimya, eneo hili lina urithi wa pande zote mbili. Wamisionari watatu wa Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902 wakitoka katika kanisa lililojulikana tangu zamani kwa desturi ya kukaa kimya mbele za Mungu. Mwaka 1927 papo hapo Kaimosi kukatokea uamsho wa machozi na maungamo, ambao ulizaa makanisa yanayoitwa kwa ujumla Dini ya Roho, na mwaka 1942 Zakayo Kivuli akaanzisha kanisa la Israel Nineveh, ambalo hadi leo waumini wake huandamana barabarani kwa ngoma. Mwenye wasiwasi asilazimishwe upande mmoja. Ambaye moyo wake unakwenda mbio huenda spika za kanisa zikamzidishia, na kona yenye kimya ikamfaa. Aliyeganda kwa huzuni huenda akahitaji ngoma, kutembea na kuimba, kwa kuwa kuimba nako hurefusha pumzi ya kutoka.

Kuna wasiwasi ambao haya yote hayautoshi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mtu halali, hali, au anashindwa kwenda shambani au kazini, ikiwa hofu humpanda ghafla hadi anadhani anakufa, au ikiwa ameanza kuona afadhali asiwepo, aende zahanati ya karibu, ambako anaweza kuelekezwa hadi hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega. Wakati mwingine chanzo ni tezi ya shingo au upungufu wa damu, na hakuna maombezi yanayochukua nafasi ya kipimo cha damu. Simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini, 1199, hupokelewa na washauri. Wala asiogope polisi: kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mchungaji anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani asisikilizwe kwa hilo, hata kama mahubiri yake mengine ni matamu. Vivyo hivyo anayemwambia kwamba ana pepo na kutaja kiasi cha sadaka katika sentensi ileile.

Na kwa wale wanaowasalimu wenzao mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, kazi yao ni ndogo. Baada ya "mulembe" ya kwanza, wasubiri. Wamtazame mtu usoni, waulize mara ya pili, usiku umelalaje. Mvua ya alasiri ya Kakamega huwapa nafasi hiyo: ikishaanza kupiga mabati hakuna anayeondoka kwa saa nzima, wala hakuna kipaza sauti kinachosikika, na watu wawili kwenye benchi hulazimika kusogeleana.

Eliya aliposhuka kutoka Horebu hakuwa amehakikishiwa kwamba Yezebeli ameacha kumwinda. Alikuwa ameulizwa swali mara mbili, akalalamika mara mbili, akasikilizwa. Aliambiwa pia kwamba hakuwa peke yake kama alivyodhani, wako wengine 7,000. Kisha akapewa njia ya kurudi na jina la mtu. Akamkuta mtu huyo shambani, mavumbi miguuni, akilima na jozi 12 za ng'ombe mbele yake. Eliya akapita karibu naye, akamtupia vazi lake.